UKIUMIA KWENYE UJENZI, SEMA KWELI ZAHANATI

Siku hizi karibu kila kijiji kina ujenzi. Panajengwa madarasa, maduka, maghala na nyumba za watu. Vijana wengi wanapata vibarua huko. Wengine wanachanganya zege, wengine wanabeba matofali, na wengine ni saidia fundi. Kazi hii inaleta fedha nyumbani wakati mazao bado yako shambani. Lakini ni kazi ya hatari. Mirunda huvunjika. Matofali huanguka. Misumari huchoma miguu iliyovaa kandambili. Shimo la choo hubomoka na kumfukia mchimbaji.

Mtu akiumia, kwanza okoeni maisha yake. Kama anatoka damu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, tena kwa nguvu, na usiachie kila mara ili kuchungulia. Kama ameanguka kutoka juu, msimkalishe na msimsimamishe. Huenda uti wa mgongo umevunjika. Mlazeni juu ya ubao au mlango, kichwa na shingo visichezecheze, ndipo mmbebe. Kumpakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, kunaweza kumpoozesha miguu mtu ambaye angepona. Saruji au chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi. Usitie maziwa wala dawa ya majani. Aliyechomwa na msumari aje achomwe sindano ya kuzuia pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Sasa mgonjwa amefika zahanati. Tunamwuliza, "Umeumiaje?" Jibu lake tunaliandika katika daftari, pamoja na tarehe. Watu wengi wanafikiri swali hilo ni la mazungumzo tu. Sivyo. Mstari ule mmoja unaweza kuwa ushahidi wa kwanza wa haki yako.

Nitaeleza haki hiyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Zamani ilitumika sheria iliyotungwa wakati wa ukoloni. Mfanyakazi alimtegemea mwajiri wake amlipe, na malipo yenyewe yalikuwa madogo sana. Sasa waajiri wanachangia Mfuko, na Mfuko ndio unaomlipa aliyeumia. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Msimamizi akikukata mshahara akidai ni fedha za Mfuko wa Fidia, anavunja sheria.

Sheria haikutaki uthibitishe kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba uliumia ukiwa katika kazi aliyokupa. Lakini aliyejiumiza kwa makusudi, au aliyepanda jukwaa akiwa amelewa, anaweza kunyimwa. Pia mkataba wa maneno ni mkataba. Vibarua wengi huniambia, "Mimi sina haki, sikuandikishana na mtu." Kama mtu amekupa kazi, anakuelekeza namna ya kuifanya na anakulipa ujira, huyo ni mwajiri wako. Fundi aliyepatana kujenga nyumba nzima kwa bei moja ni mtu mwingine, maana huyo amejiajiri. Lakini vijana aliowachukua yeye ni wafanyakazi wake. Na mwanakijiji anayechimba msingi wa shule kwa kujitolea hana mwajiri, kwa hiyo sheria hii haimhusu. Hilo mimi naliona ni pengo, na lingefaa kuzungumzwa katika mkutano wa kijiji kabla ya kazi kuanza.

Turudi kwenye daftari. Aliletwa kwetu kijana mmoja, saidia fundi, ameanguka wakati wa kupaua nyumba. Suruali yake ilikuwa imejaa saruji. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Aliyemleta akawahi kusema, "Ameanguka kutoka kwenye mwembe." Kijana aliulizwa, naye akaitikia kwa kichwa. Ikaandikwa hivyo. Tukaufunga mguu kwa vipande vya mbao, akapelekwa hospitali ya wilaya. Kule, alipobaki peke yake na daktari, alisema kweli.

Baada ya miezi miwili baba yake alikuja. Mguu ulikuwa umeunga lakini umekuwa mfupi, na kijana alikuwa hawezi tena kupanda ngazi. Mzee alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba mwanawe aliumia kazini. Daftari letu linasema mwembe. Karatasi ya hospitali inasema jengo. Mwenye nyumba naye alishikilia neno la mwembe, akasema hamdai mtu. Ilibidi mzee awatafute vibarua wawili waliokuwapo siku ile, nao walikuwa wameshahamia kwenye ujenzi mwingine mbali. Madai yalichelewa sana kwa sababu ya neno moja.

Kwa nini kijana alikubali uongo ule? Aliahidiwa kununuliwa dawa na kupewa nauli. Mimi sioni ubaya wa mwajiri kununua dawa. Ni utu. Lakini nauli na dawa za siku moja si fidia ya mguu. Haya ndiyo yaliyomo katika fidia. Mfuko hulipia matibabu. Wakati huwezi kufanya kazi, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wako, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Tupige hesabu. Kama ulikuwa ukipata shilingi 300,000 kwa mwezi, utapata shilingi 210,000. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari ataupima kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, utalipwa mara moja. Ukizidi asilimia 30, utalipwa kila mwezi. Zipo pia huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu kurudi kwenye kazi au kujifunza kazi nyingine. Aliyeumia vibaya kiasi cha kuhitaji mtu wa kumlisha na kumgeuza, huyo anayemhudumia naye amefikiriwa. Mfanyakazi akifa, kuna msaada wa mazishi, na mjane na watoto wana malipo yao.

Malipo hayo hayaji yenyewe. Mwambie mwajiri mapema kwamba umeumia. Yeye anatakiwa kuupelekea Mfuko taarifa ndani ya siku 7. Madai yenyewe yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Usingoje kidonda kipone kwanza, wala usingoje mavuno.

Taarifa ya mdomo husahaulika. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, andika. Barua haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuwa hivi:

"Ndugu, mimi ni kibarua katika jengo lako lililo karibu na soko. Nilianza kazi tarehe 3. Ninalipwa shilingi 10,000 kwa siku. Tarehe 17, saa nne asubuhi, nilianguka kutoka kwenye jukwaa nikibeba ndoo ya zege. Nimevunjika mkono wa kulia. Nimetibiwa zahanati. Waliokuwapo ni wawili, na majina yao nimeyaandika hapa chini. Naomba uupelekee taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi."

Andika nakala mbili. Moja mpe mwajiri, nyingine aitie sahihi ubaki nayo. Kama mkono ulioumia ndio wa kuandikia, mwanao wa shule akuandikie. Akikataa kupokea, mpelekee mwenyekiti wa kijiji aandike kwamba ameiona.

Kinyume chake, ukiletewa karatasi ukiwa kitandani, usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuisoma yote. Maumivu yakiwa makali, mtu hukubali lolote. Sema, "Iacheni, nitaisoma kesho." Kama ni ya haki, kesho itakuwa bado ya haki.

Mwajiri asipopeleka taarifa, au ukigundua hakujiandikisha katika Mfuko, usikate tamaa. Kujiandikisha ni wajibu wake, na kosa hilo si lako. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko au kwa Afisa Kazi wa mkoa ukiwa na karatasi zako. Kama njia inakutatiza, ulizia wasaidizi wa kisheria katika wilaya yako. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao wapo kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa wakili. Usiporidhika na uamuzi wa Mfuko, unaweza kukata rufaa.

Neno kuhusu mgongo. Mfupa wa mguu ukivunjika kila mtu anaona. Mgongo haufanyi hivyo. Mtu huanguka leo, akainuka, akajifuta vumbi na kuendelea na kazi. Baada ya wiki tatu anashindwa kuinama, au mguu unakufa ganzi. Kwa hiyo ukianguka, njoo zahanati siku hiyo hiyo hata kama unajisikia mzima, tuandike. Maumivu yakija baadaye, rudi hapo hapo, ueleze kwamba ni ya anguko lile, na useme lini. Ukishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikiishiwa nguvu, usingoje hata usiku mmoja. Hiyo ni ya kwenda hospitali mara moja.

Tunza kadi ya matibabu, karatasi ya mapumziko, karatasi ya picha ya mfupa na stakabadhi za dawa. Zitie kwenye mfuko wa nailoni, mahali pasipofika panya wala mvua. Zikipotea, njoo kwenye zahanati uliyotibiwa ukiwa na jina ulilotumia na tarehe ya siku ile. Tutatazama katika daftari.