KUTEMBELEA LUBUMBASHI: NYUMBA ZA ZAMANI ZINASEMA NINI?



Wengi wetu tunaenda muji kwa soko ao kwa kuona jamaa, kisha tunarudi. Kumbe watu wanatoka mbali na kulipa feza nyingi juu ya kuangalia mawe ya Roma na Venezia. Lubumbashi si muji wa zamani vile, umeanza mwaka wa 1910. Lakini nyumba zake ziko na habari, kama mutu anajua kuuliza: nani aliijenga, na nani alikatazwa kuingia?

Anzeni na kanisa kubwa la Wakatoliki, la Petro na Paulo, la matofali mekundu. (Sisi Waprotestanti pia tunaweza kuliangalia, hakuna mutu atatufukuza.) Halafu sinagogi ya mwaka wa 1930. Wayahudi wengi wa hapa walitoka Rodosi, kisiwa kilichotawaliwa na Italia wakati ule. Kwa Muze, muulize misalaba ya shaba: wakubwa wetu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitumia kama feza mbele ya muzungu kufika.

Sasa muangalie njia zenyewe. Zinakatana sawa mistari ya kaye ya hesabu. Muji ulichorwa vile wakati wa Wangermée. Katikati ilikuwa ya wazungu. Weusi walipelekwa Kamalondo tangu 1921, nyuma Kenya pia, na kati ya pande mbili waliacha makusudi kipande cha udongo kitupu. Leo tunapita pale bila kufikiri. Mupite kwa miguu, njo mutaelewa.

Kule mutaona cheminee na terri, ule mulima mweusi. Wengine wanazani Mungu aliuweka pale. Hapana! Ni takataka ya shaba iliyoyeyushwa tangu 1911, na wababa waliitoa kwa jasho. Tangu miaka ya 2000 wanauchimba tena juu ndani mulibaki kobalti.

Wababa wale, mwezi wa 12 mwaka wa 1941, waligoma juu ya mushahara. Walikusanyika kwa uwanja wa mupira, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa ajili yao, alikufa pale pamoja na makumi ya wengine. Mutu anayepiga foto ya kanisa na kuacha habari hii, kwangu mimi hajatembelea Lubumbashi.

Tena kuko nyumba ya Brouwez. Nyumba ya kawaida tu, si ya kushangaza. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilifika Luano na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliwapeleka kwa nyumba ile, wakawapiga, na usiku wakawaua Shilatembo. Mwaka wa 2022 jino la Lumumba, lililorudishwa na Ubeleji, lilipitishwa Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa.

Neno la mwisho ni la kazi. Shilatembo ni inje ya muji, inaomba motokari. Pengine pote miguu inatosha. Mbele ya nyumba za serikali musipige foto bila ruhusa. Wanaopenda kwenda likizo ya Paska waniandikie majina mbele ya siku ya posho, wanafunzi wa mwaka wa kwanza pia.