Fahamu: Sumu inayobaki mgodi ukifungwa

Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya mkoani Mbeya, ilianza kuvuta watu miaka ya 1920. Migodi mikubwa ya ukanda huo ilifungwa baadaye, ukiwemo wa Saza, ulioko sasa mkoani Songwe. Wachimbaji wadogo hawajaondoka.

Sumu inatoka wapi?

Kwanza, kwenye mwamba wenyewe. Mawe yenye dhahabu mara nyingi hubeba pia arseniki na risasi. Yakiwa chini ya ardhi mara nyingi hayana neno. Yakishasagwa kwenye karasha na kubaki juani kama marudio (mabaki baada ya dhahabu kutolewa), hewa na mvua huyachakaza na kuachia sumu hiyo.

Pili, zebaki. Mchimbaji huichanganya kwenye mchanga uliooshwa, ikashika chembe za dhahabu, kisha donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Mvuke huingia mapafuni, mwingine hutua ardhini. Matone yaliyomwagika hubaki kwenye matope.

Zebaki haiozi. Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayojikusanya kwenye samaki na kudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti mwaka 2020.

Unaishi karibu na mgodi wa zamani? Usilime mboga kwenye marudio, usiyatumie kujengea, na watoto wasichezee hapo. Udongo na maji ya kisima yapimwe: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda jijini Mbeya.