Nani Alileta Sukari?

Panya wa maabara anabonyeza kitufe, anajikuna sikio, ananusa pembe ya kizimba, ndipo tone la maji ya sukari linapomfikia. Ubongo wake unajuaje kwamba ni kitufe kilicholeta sukari, si sikio?

Kemikali mbili zinahusika, na hazifiki pamoja. Glutamati hutangulia na habari ya kilichotendeka. Dopamini hufuata na habari ya malipo. Wanaoiita “kemikali ya raha” wanaipunja.

Mwaka 2014, Sho Yagishita, Haruo Kasai na wenzao wa Tokyo walichunguza vipande vyembamba vya ubongo wa panya. Seli za neva zina matawi, na matawi yana vinundu vidogo mno vinavyopokea glutamati. Kwa leza, walikifikishia kinundu kimoja tu glutamati, kisha kwa mwanga wakaziamsha nyuzi zinazomwaga dopamini. Dopamini ilipofuata baada ya sekunde 0.3 hadi 2, kinundu kilinenepa, yaani muunganiko uliimarika. Ilipotangulia, au ilipochelewa hadi sekunde 5, hakikunenepa.

Ni kama jiko la mkaa: glutamati ndiyo kaa lililoshika moto, dopamini ndiyo pepeo. Kupepea kabla ya moto hakuna faida, na kaa likizimika umechelewa.

Lakini kaa hilo ni nini hasa? Glutamati hufungua vipokezi vya NMDA, kalsiamu ikaingia na kukichangamsha kwa muda mfupi kimeng’enya kinachotengeneza cAMP, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya seli. Dopamini ikigusa kipokezi cha D1 katika muda huo, cAMP huzalishwa kwa wingi, na kinundu hunenepa. Isipokuta mchangamko huo, kidogo kinachozalishwa huvunjwa upesi na kimeng’enya kingine, PDE10A. Nalipenda jibu hili kwa sababu halihitaji msimamizi yeyote: saa yenyewe ni mbio za vimeng’enya viwili.

Seli zenye vipokezi vya D2 hufanya kinyume. Kwazo dopamini ni breki, na vinundu vyake hunenepa pale dopamini inaposhuka ghafla. Mwaka 2020 kundi hilohilo la Tokyo lilionyesha kazi ya seli hizo. Panya aliyezoea kupata maji ya sukari baada ya mlio fulani hulambalamba hata akisikia mlio mwingine unaofanana nao. Mlio wa pili usipoleta kitu, dopamini hushuka, seli za D2 zinanasa mshuko huo, na panya anajifunza kuutofautisha na ule wa kwanza.