Taa Nyekundu Mathare

Intaneti inapokatika kwenye ploti ya Mathare, fundi huulizia taa kwanza, kabla hata ya kushika kifaa. Kisanduku cha faiba kisipowaka kabisa, shida ni stima. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki. LOS ikiwa imezimika, taa nyingine ni kijani na simu bado haipati kitu, tatizo huenda liko ndani: ruta au kebo ya shaba.

Tuanze na taa nyekundu. Mwanga hupita katika kiini cha kioo chenye upana wa takriban mikromita 9. Unywele wa binadamu una kama 70. Chembe moja ya vumbi kwenye kiungo, basi, yaweza kuziba njia nzima. Ndiyo maana fundi makini husafisha kiungo kabla ya kubadilisha chochote. Kisha hupima. Kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya mwanga imekwenda. Kipimo kikishuka kutoka -20 hadi -26, imebaki robo tu, na karibu na -27 vipokezi vingi vya nyumbani huanza kushindwa.

Mwanga huo umepotelea wapi? Hapa Mathare, uzi wa faiba hupita juu ya mabati, huzunguka nguzo, huingia chumba kimoja chenye kitanda, jiko na watoto. Kioo kikipindwa sana, mwanga huvuja. Fundi huchomeka kalamu ya mwanga mwekundu kwenye ncha moja, kisha anafunga pazia. Nyuma ya mguu wa kitanda, ganda la manjano linang'aa kama kaa la moto. Hapo ndipo kioo kilipopindwa mno au kuvunjika.

LOS isipowaka nyekundu, geukia kebo ya shaba. Ina nyaya 8 zilizosokotwa jozi jozi ili kupunguza kelele za nyaya za stima zilizo jirani. Isizidi mita 100. Jozi moja ikioza kwa maji ya mvua, kasi ya megabiti 1,000 yaweza kuanguka hadi 100.

Msomaji, ukihamisha kitanda, uache uzi wa faiba na duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Na ukichomoka, usiuchungulie: mwanga unaobeba intaneti hauonekani, ila unaweza kuumiza jicho.