Waliomng'oa bosi wa soka Ghana, na bahasha niliyopokea mimi

KAMA unafuatilia soka la Afrika, jina la Kwesi Nyantakyi si geni. Alikuwa Rais wa Chama cha Soka Ghana (GFA), makamu wa kwanza wa rais wa Caf na mjumbe wa Baraza la Fifa. Kigogo haswa. Juni 2018 aling'oka kwenye viti vyote hivyo, na waliomng'oa hawakuwa wapiga kura. Ni waandishi wa habari.

Timu ya Anas Aremeyaw Anas, mwandishi anayeficha uso kwa shanga zinazoning'inia kwenye kofia, ilijifanya wafanyabiashara wenye hela za udhamini. Kamera ya siri ikamnasa Nyantakyi akipokea dola 65,000. Marefa kibao nao wakanaswa. Filamu yao, Number 12, ilioneshwa Accra Juni 6. Siku mbili baadaye bosi akajiuzulu.

Moto ulifika hadi Afrika Mashariki. Mwamuzi msaidizi Aden Marwa wa Kenya, aliyeteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, alionekana akipokea dola 600. Safari ikaishia hapo.

RISASI ACCRA

Mmoja wa walioifanya kazi hiyo ni Ahmed Hussein-Suale. Kennedy Agyapong, mbunge wa chama kilichokuwa madarakani, alionesha picha zake kwenye runinga na kuhamasisha apigwe. Januari 16, 2019, Hussein-Suale akiwa kwenye gari lake Madina, kitongoji cha Accra, watu wenye pikipiki walimpiga risasi wakamuua. Agyapong alikana kuhusika. Miaka ikapita bila mtu kutiwa hatiani.

Wapo wanaosema Anas naye alikosea, kwamba kumtega mtu kwa pesa siyo uandishi. Na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Ghana iliitupa kesi ya kashfa aliyomfungulia Agyapong. Hoja ya mtego ina uzito. Chuoni tulifundishwa kujitambulisha kwanza, kamera ya siri ni hatua ya mwisho njia nyingine zikigoma. Ila ukweli unabaki kwamba mkono uliopokea zile dola haukushikwa na mtu.

NAULI YENU HIYO

Mimi sina ubavu wa kumnyooshea Anas kidole. Msimu wangu wa kwanza kazini, mwanasiasa mmoja aligawa jezi na mipira kwa timu za mtaani. Kwenye daftari nilikuwa na swali moja: kwa nini uwanja wa vijana hao umejaa vibanda vya biashara, na kodi anakula nani?

Kabla ya maswali, msaidizi wake akatuita pembeni. "Nauli yenu hiyo, wadogo zangu." Bahasha ikapita, nikapokea. Mheshimiwa alipouliza kama kuna swali, niliuliza atadhamini na timu ya wanawake lini. Akacheka, tukapiga picha.

Hakuna aliyenitisha. Sikuoneshwa bastola. Shilingi 20,000 tu zilitosha kunifunga mdomo, wakati mwenzangu wa Accra hakunyamaza hata picha yake iliporushwa kwa nchi nzima.

Vibanda bado vipo na swali bado lipo kwenye daftari. Safari hii nitakwenda kuliuliza kwa nauli yangu. Na wewe msomaji, ukikuta habari ya kigogo imejaa sifa bila swali hata moja, jiulize nauli ya mwandishi ililipwa na nani.