KUHESABU KUNGURU

Kunguru ni ndege ajulikanaye na watu wengi. Huonekana shuleni, sokoni na penye jaa la takataka. Lakini kunguru si wa aina moja, na kila aina ina mahali inapoishi. Wanasayansi hujuaje mahali hapo? Hujua kwa kuhesabu.

Aina tatu za kunguru

Kunguru wa kwanza ni mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni. Ameenea katika sehemu nyingi za Afrika. Wa pili ni mkubwa, mwenye mdomo mnene. Kifua chake ni cheusi, na nyuma ya shingo ana baka jeupe. Hupenda milima na majabali. Wa tatu huitwa kunguru wa Bara Hindi. Ni mdogo kuliko hao wawili. Shingo na kifua chake ni vya kijivu, wala hana weupe wowote.

Kunguru wa Bara Hindi hakuwako hapa zamani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka alizila, lakini pia alikula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Aliongezeka upesi akaenea pwani. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Baadaye aliingia bara, hata akafika Morogoro na Dodoma. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru hao milioni moja. Wakishakuwa wengi hivyo, kuwaondoa ni kazi kubwa. Kwa hiyo yafaa kuwatambua mapema, wangali wachache.

Jinsi ya kuhesabu

Mtu mmoja hawezi kuhesabu ndege wa nchi nzima. Siku ya Krismasi mwaka 1900, watu 27 wa Marekani na Kanada walihesabu ndege badala ya kuwawinda, kama alivyopendekeza mtaalamu wa ndege Frank Chapman. Hesabu hiyo hufanyika kila mwaka hata leo, katika majira ya baridi ya huko.

Hesabu za miaka mbalimbali zikifanywa katika majira yale yale, ni rahisi kuzilinganisha. Sisi twaweza kuchagua kiangazi, mwezi wa Juni au Julai.

Muda pia ni lazima uandikwe. Tuseme wanafunzi wa Murungu wametazama kwa saa 1 wakaona kunguru 6. Wanafunzi wa Kasulu wametazama kwa saa 3 wakaona kunguru 12. Je, Kasulu kuna kunguru wengi zaidi? Gawanya 12 kwa 3. Kasulu wameonekana kunguru 4 kwa saa, lakini Murungu wameonekana 6 kwa saa.

Kuchora ramani

Ramani hugawanywa katika miraba. Katika kila mraba huandikwa idadi ya kunguru walioonekana. Watu wakitazama wasione kunguru, huandika 0. Mraba usiotazamwa na mtu huachwa wazi. Mambo haya mawili hayafanani. Sifuri yasema, "Tumetazama, hatukumwona." Mraba mtupu wasema, "Hakuna aliyetazama." Mtu akichanganya mambo hayo, atadhani kunguru wa Bara Hindi hajafika, kumbe hakuna aliyemtafuta.

Kazi ya kufanya

Gawanyikeni katika vikundi. Kila kikundi kichague mahali pake, kama vile sokoni, shambani au mtoni. Tazameni kwa saa moja asubuhi. Andikeni tarehe, mahali, muda, aina ya kunguru na idadi yao. Ili msimhesabu ndege mmoja mara mbili, andikeni idadi kubwa kuliko zote mliyoiona kwa wakati mmoja. Mkimwona kunguru mwenye shingo ya kijivu, mwarifuni mwalimu.

Maswali

1. Utamtambuaje kunguru wa Bara Hindi?
2. Kwa nini aliletwa Unguja? Alileta hasara gani?
3. Sifuri na mraba mtupu vina tofauti gani katika ramani?
4. Kikundi kimeona kunguru 10 kwa saa 2. Ni kunguru wangapi kwa saa?