Mabingwa wa Magamba: Mamba na Kobe Waliovunja Rekodi Mikononi mwa Watu

Kutoka Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi, na huko mamba wapo wa kutazama: kwenye bustani ya wanyama iliyoanza mwaka 1952, na kwenye Uganda Reptiles Village pale Abaita Ababiri. Lakini kati ya mamba na kobe wote waliowahi kuishi mikononi mwa watu, bingwa ni nani? Tumewapanga.

1. Mkubwa kuliko wote: Lolong
Mamba huyu alinaswa Bunawan, Ufilipino, Septemba 2011, akapimwa: mita 6.17, kilo 1,075. Kamunye ya abiria 14 haifiki mita 5. Ukimlaza Lolong kando yake, mkia unachomoza. Kwa uzito, ni boda boda kumi hivi! Alifia kifungoni mwaka 2013.

2. Mfungwa wa kuogofya: Osama
Hili ni taji la Uganda, na hakuna wa kulishangilia. Wakazi wa Luganga, kando ya Ziwa Viktoria, walimhesabia mamba huyu watu 83 aliowaua kati ya 1991 na 2005. Basi la abiria 67 lingejaa, na 16 wakakosa viti. Aliponaswa, akiwa na urefu wa mita 5 hivi, hakuuawa. Alipelekwa shamba la mamba la Buwama, barabara ya Masaka, akawa dume la mbegu.

3. Taya kali kuliko zote
Mamba wa maji chumvi aliyepimwa na watafiti wa Marekani aliuma kwa nguvu ya nyutoni 16,414, yaani kama mzigo wa tani moja na nusu na ushee. Fisi madoa, mvunja mifupa wetu, hafikishi hata theluthi. Ajabu ni kwamba misuli ya kufungua mdomo huo ni dhaifu mno: mhudumu anazungusha tepu mara chache tu, na bingwa ananyamaza.

4. Usuhuba mrefu: Chito na Pocho
Mwaka 1989, mvuvi wa Kosta Rika aitwaye Chito alimkuta mamba aliyepigwa risasi jichoni. Akamuuguza, akamlisha kuku na samaki. Alipomrudisha mtoni, mamba akamfuata nyumbani. Wakaogelea pamoja hadi Pocho alipokufa mwaka 2011. Urefu ni ule ule wa Osama, tabia ni mbingu na ardhi. Usiende kujaribu Buwama!

5. Kumbukumbu ndefu: kobe wa Vienna
Kobe wakubwa walifundishwa kuuma shabaha ya rangi iliyo kwenye ncha ya fimbo, kisha wakapewa chakula. Watatu walijaribiwa tena baada ya miaka 9, na wote waliikumbuka kazi. Mtoto wa Uganda aliyeanza P.1 siku ya somo lile angekuwa amemaliza S.2.

6. Aligeta mkongwe: Saturn
Alianguliwa Marekani mwaka 1936, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado Mengo. Akapelekwa Berlin, akanusurika mabomu ya vita huko, akafia Moscow mwaka 2020, enzi za Kabaka Mutebi. Miaka 84!

7. Bingwa wa mabingwa: Jonathan
Kobe huyu wa kisiwa cha Saint Helena anakadiriwa kuanguliwa mwaka 1832, miaka 30 kabla ya Speke kufika kwa Kabaka Mutesa. Haoni wala hanusi, lakini sauti ya daktari wake anaijua. Mamba wamechukua kilo na taya; kobe wamebeba miaka na kumbukumbu, na taji la jumla ni lao!